Layoni Mwenye Ndevu

Naandika polepole. Nilimaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, na tangu hapo mkono wangu umezoea fimbo kuliko kalamu. Sentensi moja inaweza kunichukua muda ambao ng'ombe anamaliza kichaka kizima. Nasema hivi mapema kwa sababu ni polepole hiyo iliyoniponza, Alhamisi moja ya kiangazi, kwenye mteremko ulio juu ya shamba letu, upande wa Oldeani.

Siku hiyo nilikuwa naandika hadithi ya bibi yangu. Nyumbani tunamwita Ama, kama Wairaqw wengi wanavyowaita bibi zao. Tunaishi wawili. Baba alikufa nikiwa darasa la nne, na mama anafanya kazi kwenye vitunguu Mang'ola, anarudi mara moja kwa mwezi. Ama haoni vizuri siku hizi, na chakula kinachokaa tumboni mwake bila ugomvi ni maziwa. Kwa hiyo jioni anakunywa maziwa, anaegemea ukuta, anasimulia, nami nasikiliza. Kusikiliza nakuweza. Kuongea ndiko kunakonishinda. Mbele ya watu wawili tu ulimi wangu unakuwa mzito, na watu watatu wakiniangalia naangalia miguu yangu.

Hadithi yenyewe ni ya kijana ambaye ng'ombe wa baba yake walimezwa na mwenye chemchemi. Walishuka kunywa, maji yakafunguka, wakaingia, maji yakajifunga. Kaka zake wakubwa walisimama ukingoni wakilia. Yeye, wa mwisho kuzaliwa na mwoga kuliko wote, akashuka kuwafuata. Huko chini alijaribiwa mara tatu. Kwanza alikuta ua wa miiba ambao haukatwi kwa panga wala hauungui. Ilimbidi achomoe mwiba mmoja mmoja kwa vidole, na akiharakisha, ile aliyokwisha kuichomoa inarudi. Pili alikuta ndugu zake waliokufa wameketi wanakula nyama. Wakamwita kwa jina ambalo mama yake tu alilitumia, naye alikuwa na njaa ya siku tatu, lakini akila hatoki tena.

Jaribu la tatu ndilo lililonisumbua. Kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, aliambiwa na Ama kwamba lilikuwa dume lenye pembe za moto. Mama yangu, alipoletwa kama mke mgeni, aliambiwa kijana alibeba makaa kwenye pindo la nguo akavuka nayo tambarare. Nilipouliza mimi, Ama alifuta mdomo akasema, "Lako bado."

Nilidhani amesahau. Nikaamua kuiandika hadithi yote kwenye daftari kabla hajasahau zaidi, na lile la tatu nichague moja kati ya mawili. Mwisho niliujua. Kijana anarudi na ng'ombe, lakini amebadilika mpaka mama yake hamtambui. Anafukuzwa mlangoni. Wanamjua pale ng'ombe wanapoingia zizini nyuma yake bila kuchungwa.

Mwisho huo niliupenda na ulinisikitisha pia. Mimi nilipotahiriwa nilipelekwa zahanati asubuhi, jioni nilikuwa nyumbani nimepewa soda. Hakuna aliyeshindwa kunitambua. Ndevu zimeota tangu hapo, chache, na bado majirani wakija wanamuuliza Ama, "Mtoto yuko wapi?"

Basi Alhamisi ile nilikaa juu ya jiwe, daftari kwenye goti. Nilikuwa na ng'ombe wanne, na mmoja kati yao alikuwa mtamba mwekundu mwenye doa jeupe chini ya tumbo. Mtamba huyu hakuwa wetu. Wala mama yake, anayekamwa maziwa ya Ama, si wetu. Ni wa mzee mmoja wa upande wa Mbulu, rafiki wa marehemu babu. Kwetu mtu humwekesha rafiki yake ng'ombe. Unayewekeshwa unakunywa maziwa na kutumia samadi, lakini ng'ombe anabaki wa mwenyewe, na ndama pia, na siku akimtaka unamtoa bila neno. Mzee alikuwa ametuma ujumbe kwamba Jumapili baada ya misa atakuja kumchukua mtamba. Mjukuu wake wa kiume alikuwa anaoa, na mtamba alikuwa ameahidiwa mama wa binti.

Asubuhi niliona mtamba hatulii. Anawapanda wenzake, analia, hataki majani. Anataka dume. Mchungaji yeyote angemfunga kamba. Nilisema moyoni nitamfunga nikimaliza ukurasa. Niliandika juu ya ukurasa mpya: Jaribu la Tatu. Nikapiga mstari chini yake kwa rula. Kisha nikakaa nikifikiri, pembe za moto au makaa, makaa au pembe za moto.

Chini kwenye njia ya ng'ombe kundi lilikuwa linapita, Wamaasai wanarudi kutoka mnadani Mang'ola na wanyama ambao hawakuuzika. Nilisikia kengele zao. Sikuinua kichwa. Nilipoinua, kundi lilikuwa limekwisha kupita na mimi nilikuwa na ng'ombe watatu.

Nilitafuta mpaka giza lilipoingia. Nyayo zake zilishuka moja kwa moja hadi kwenye njia, zikachanganyika na nyayo za kundi. Mama mmoja aliyekuwa akichota maji bombani aliniambia ng'ombe wale ni wa boma lililo mwanzo wa njia ya Endulen, ndani ya hifadhi, na kwamba amesikia watahama karibuni kufuata majani.

Ama hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Aliuliza tu kama mama wa mtamba alikuwa amerudi. Nikasema yupo. Akasema, "Mzee akimkosa mtoto, atamchukua na mama. Mimi ningemchukua." Akashika kikombe chake cha maziwa kwa mikono miwili na hakunywa.

Ijumaa asubuhi kaka alinipakia kwenye pikipiki yake. Yeye hubeba abiria Karatu mjini na anaongea na kila mtu, hata na mbuzi walio njiani. Alinifikisha mahali barabara inapokuwa mawe matupu, karibu na kibao cha hifadhi, akazima injini.

"Dogo, mimi hapa mwisho," alisema. "Sina kibali, na askari wakinikuta na hii chuma humo ndani nimekwisha. Wewe kwa miguu unapenya. Ukifika kwa wazee usizingue. Inamisha kichwa tu. Kule ndiyo heshima yao. Mzee anakugusa kichwani, mambo yanaisha."

Nilishukuru kwa ushauri huo. Kuinamisha kichwa ni jambo ambalo nilikuwa nimelifanyia mazoezi maisha yangu yote.

Nilitembea tangu jua likiwa mgongoni mpaka likawa utosini. Mara moja nilisikia gari, nikalala kwenye nyasi uso chini mpaka mlio ulipopotea, na vumbi lake likanifunika. Mara moja nilikuta kinyesi cha tembo bado kina mvuke, nikazunguka mbali, nikapoteza nyayo, nikazitafuta upya. Nilikuwa nimebeba chupa ya maji, viazi viwili, na mfukoni chumvi ya magadi kwenye karatasi, maana mtamba yule nilimkuza kwa kumlambisha magadi kiganjani. Kila nilipopumzika nilihesabu siku. Leo Ijumaa. Kesho Jumamosi ya kurudi. Keshokutwa mzee anafika. Hapakuwa na siku ya ziada.

Boma lilikuwa kwenye mwinuko, ua wake wa miiba mirefu. Mzee mwenye boma alikuwa nje ya lango na bomba la dawa mgongoni, ananyunyizia ndama dawa ya kupe. Na kule ndani, kati ya ndama na ng'ombe mmoja kilema, nilimwona. Mwekundu, doa jeupe. Alikuwa anacheua kama mtu aliyezaliwa pale.

Niligusa magadi mfukoni. Nikaenda mbele ya mzee na nikainamisha kichwa.

Aliniangalia kwa muda. Najua kwa sababu niliona vidole vya miguu yake, katika makatambuga, vimetulia bila kusogea. Kisha mkono ulioloa dawa ukanigusa utosini.

"Layoni," alisema kwa Kiswahili cha mnadani. "Umetoka wapi?"

Nilijua neno hilo. Karatu kila mtu analijua. Layoni ni mvulana ambaye hajatahiriwa, mtoto wa kuchunga mbuzi. Nikaelewa, kichwa kikiwa bado chini, nilichofanya. Wanaoinamisha kichwa kwa mzee ni watoto. Kijana aliyetahiriwa hutoa mkono. Kaka alikuwa ameona nusu ya desturi ya jirani, akanipa hiyo nusu, nami nikaibeba mpaka hapa.

Nilisema nimefuata ng'ombe wetu. Akauliza wa nani. Nikasema wetu. Akauliza ni yupi, nikaonyesha kwa kidevu. Hakukataa. Alisema ni kweli ana mgeni, aliingia kwenye kundi njiani, na yeye si mtu wa kula ng'ombe wa njiani. Alitazama masikio ya mtamba, ambayo hayana alama, kwa sababu sisi hatukuwa na haki ya kumkata alama na mwenyewe alikuwa hajamkata.

"Hana alama," alisema. "Na wewe ni mtoto. Mtoto akinidanganya nitamfanya nini? Mwenyewe akija kesho nitamwambia nimempa mtoto? Mwite baba yako aje, tuongee."

Hapo ndipo ilinipasa kusema. Baba amekufa. Mimi si mtoto. Maneno mawili mafupi. Lakini kusema mimi si mtoto kungekuwa kusema kwamba nimemdanganya dakika moja iliyopita, kwa kichwa changu mwenyewe, na mkono wake ulikuwa umeshanigusa. Niliona mambo hayo yote kwa pamoja, na mdomo haukufunguka.

Mzee alisubiri. Kisha akaniambia, bila ukali, kwamba kesho kabla jua halijatoka kundi lote linahama kufuata majani, mbali, na mgeni hatabaki nyuma aliwe na fisi, ataenda na wenzake. Baba afanye haraka. Akarudi kwenye bomba lake la dawa.

Sikuondoka. Sikujua pa kwenda. Mwanamke mzee, mama wa mwenye boma, alinivuta kwa mkono wa shati akanipa maziwa katika kikombe cha bati cha watoto, kisha akanionyesha kundi la wavulana waliokuwa wakitoa ndama kwenda korongoni. Watoto wanachunga ndama. Mimi ni mtoto. Ikaishia hapo.

Walikuwa wanne. Mkubwa wao hakufika miaka tisa, na meno yake ya mbele hayakuwepo. Alinizunguka mara mbili kama ananunua punda.

"Hili layoni lina ndevu," alisema kwa Kiswahili ili nisikie.

Wakacheka mpaka wakakaa chini. Kuanzia hapo nilikuwa Layoni Mwenye Ndevu. Walinituma kurudisha ndama waliopotoka, walinipa fimbo fupi kuliko zote, waliniuliza kama mama ananinyonyesha bado, na kama kwetu watu wanatahiriwa wakishapata wajukuu. Yule asiye na meno alitembea nyuma yangu ameinama, mikono inaning'inia, kichwa kinatazama miguu. Aliniiga vizuri sana. Ningecheka kama angekuwa anamwiga mtu mwingine.

Niliyafanya yote waliyonituma. Kichwani nilikuwa nachomoa miiba ya kijana wa chemchemi, mmoja mmoja, na nilijiambia nikiharakisha itarudi. Lakini jua lilikuwa linashuka, na yeye katika hadithi hakuwa na Jumapili inayomngoja.

Mtamba alikuwa nasi. Mgeni haendi na kundi kubwa siku ya kwanza, anazoezwa na ndama karibu na boma. Nilijizuia kumwangalia. Saa kumi hivi gari la watalii lilisimama mbali barabarani, na wavulana wakatimua mbio kwenda kuliangalia. Nilibaki peke yangu korongoni.

Mtamba alikuja mwenyewe. Alinusa mfuko wangu. Nilitoa magadi, akalamba kiganja kwa ule ulimi wa msasa, na nilipopiga hatua alinifuata. Korongo lile lilikuwa linashuka kuelekea nilikotoka. Kingo zake ni ndefu, mtu wa bomani haoni chini. Kama ningekaza mwendo, giza lingenikuta nusu ya njia, na asubuhi ningekuwa nyumbani.

Nilitembea. Yeye nyuma yangu, kwato zake kwenye mchanga. Moyo ulikuwa unanipiga masikioni. Nilihesabu hatua ili nisifikiri, kumi, kumi na tano. Nilifikiria kikombe cha Ama. Nilifikiria Jumapili, mzee wa Mbulu akiingia, mtamba yuko zizini, hakuna anayejua lolote. Kila nilichokitaka kilikuwa kinatembea nyuma yangu na kunipumulia mgongoni.

Kwenye hatua ya ishirini nilisimama. Sitasema nilisimama kwa sababu ni mtu mwema. Nilisimama kwa sababu nilijiona. Nilikuwa mtu anayeiba ng'ombe ambaye hata si wake, kutoka kwa mtu ambaye hakumwiba, baada ya kunywa maziwa yake kwenye kikombe cha watoto. Na wale wavulana ndio wangeulizwa mgeni yuko wapi. Nilimshika mtamba sikio, nikamgeuza. Alikataa, maana magadi yalikuwa yamekwisha na pua yake ilikuwa imeelekea nyumbani. Ilibidi nimsukume kwa bega, hatua zote ishirini, na zilikuwa ndefu kuliko safari nzima ya asubuhi.

Niliporudi mahali petu, yule asiye na meno alikuwa amechuchumaa nyuma ya kichuguu. Hakuwa amekwenda kuangalia gari. Aliniangalia, hakucheka, akaondoka kuelekea bomani.

Nililala kibandani pamoja na ndama na wavulana. Hakuna aliyenitania, na hilo liliniogopesha kuliko utani.

Palipoanza kupambazuka niliitwa. Kundi lilikuwa limeshatolewa, limejaa mbele ya lango, wanyama wanapumua moshi kwenye baridi, vijana watatu wameshika mikuki na mizigo iko juu ya punda. Mzee alisimama katikati na shuka mbili. Mtoto asiye na meno alikuwa karibu naye. Watu wote walikuwa wananiangalia. Walizidi watatu kwa mbali.

"Huyu mtoto ameniambia," mzee alisema. "Jana ulimchukua mgeni wangu hatua ishirini. Halafu ukamrudisha. Hatua za kwenda nazielewa. Za kurudi nieleze."

Niliangalia miguu yangu. Pale chini palikuwa na samadi na alama ya kwato. Nikainua kichwa. Sijui ilikuwaje. Nadhani nilichoka tu kuona miguu.

"Nilisema ni wetu," nilisema. "Si wetu. Ni wa mzee wa Mbulu, rafiki wa babu yangu, tumewekeshwa tu. Kesho anakuja kumchukua. Baba yangu hawezi kuja, amekufa. Mimi ndiye niliyempoteza. Alikuwa anataka dume, niliona, sikumfunga, kwa sababu nilikuwa naandika."

"Unaandika nini?"

"Hadithi."

Kijana mmoja alikohoa kicheko ndani ya shuka. Mzee hakucheka.

"Na kile kichwa ulichoniletea jana?"

"Niliambiwa ndiyo heshima. Sikujua kwamba ni ya watoto. Nilipojua, niliona aibu kukirudisha."

Mzee aligeuka nyuma. Ng'ombe wa mbele walianza kusogea, akawazuia kwa mluzi mdogo. Akaniuliza kama kwetu tunatahiri. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nililia. Nikasema ilikuwa zahanati, kulikuwa na sindano ya ganzi, na nilipewa soda. Hapo watu wote wakacheka, na mwanamke mzee akafunika mdomo kwa kiganja, na mimi pia nikacheka kidogo, kwa sababu mbele ya mikuki ile soda ilikuwa jambo la kuchekesha kweli.

Mzee alinyoosha mkono. Niliuangalia kabla sijaelewa kwamba ni wangu wa kuushika. Nikaushika.

"Mwambie mwenye ng'ombe," alisema, "dume langu limempanda usiku wa kwanza. Usimfiche."

Aliagiza kijana mmoja anisindikize mpaka njia ya chini. Kundi likaanza kuhama, na vumbi likainuka. Nilikuwa nimemfunga mtamba kamba na kugeuka kuondoka, yule asiye na meno aliponikimbilia. Nilidhani analo neno la mwisho kuhusu ndevu. Alisimama mbele yangu akainamisha kichwa.

Nilikaa na mkono hewani kwa muda mrefu kuliko inavyotakiwa. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, na kilikuwa cha moto. Nilikigusa kama mtu anayegusa chungu asichojua kama kimepoa. Akainuka, akakimbia kuwafuata wenzake, na sikumwona tena.

Jumapili mzee wa Mbulu alifika saa nane akiwa na fimbo na koti la misa. Alimtazama mtamba meno na miguu, akaridhika. Ama alikuwa amekaa mlangoni, mgongo umenyooka. Nilikuwa na njia rahisi ya kunyamaza, na mdomo wangu unaijua vizuri njia hiyo. Lakini neno la mwenye boma lilikuwa mzigo niliobebeshwa, sikuwa na ruhusa ya kulitua katikati ya njia. Nikamwambia yote. Nilimwambia na la dume, kwamba huenda mtamba anakwenda harusini na mimba isiyotarajiwa. Nilimwambia na la daftari.

Alisikiliza amekunja uso. Alimwita ng'ombe mama kwa jina lake, akamkuna shingoni, na nilisikia pumzi ya Ama ikisimama.

"Nilimweka huyu kwa babu yako," alisema mwishowe. "Babu yako hayupo. Nimekuwa nikimwacha hapa kwa jina la mtu aliye kaburini. Leo nalitoa jina hilo." Akaniangalia. "Anabaki. Lakini anabaki kwako. Akipotea tena, sitakuja kwa Ama. Nitakuja kwako."

Hakusema amenisamehe. Alichukua kamba ya mtamba akaondoka, na sikuona akigeuka.

Jioni ile nilikamua mwenyewe, nikampa Ama kikombe. Alikunywa chote. Akaniambia nimsomee nilichoandika. Nikasoma ua wa miiba, nikasoma ndugu waliokufa na nyama yao, nikafika kwenye kichwa cha habari chenye mstari wa rula na ukurasa mtupu chini yake. Nilingoja aendelee, kama anavyofanya nikikwama. Hakuendelea. Alikuwa amegeuzia uso upande wangu na macho yake yasiyoona vizuri, anasubiri, kama mtu anayesimuliwa.

Basi nikamwambia. Kwamba huko chini kijana aliwakuta ng'ombe wa baba yake bila ua wala mlinzi, pembeni yao ameketi mtu mmoja tu, na mtu huyo aliweka mkono juu ya kichwa chake akamwita mtoto. Kwamba ilimbidi akae mtoto mpaka jua lichwe, achekwe na waliomzidi udogo, na ng'ombe wakawa wanamfuata naye akawarudisha. Ama aliuliza alirudishaje. Nikasema kwa bega. Akauliza kama mama yake alimtambua waliporudi. Nikafikiri, nikasema sijui, labda alimtambua, labda kilichobadilika kilikuwa kidogo.

"Andika hivyo," alisema.

Nimekuwa nikiandika tangu wakati huo, na ni miezi sasa. Siketi tena kwenye jiwe. Naandika nimesimama, daftari juu ya nguzo ya ua, nikiwa nimewaelekea ng'ombe, na kila baada ya maneno matatu naangalia na kuhesabu kimoyomoyo. Watatu. Maneno matatu mengine. Watatu. Nguzo haijanyooka, na upepo wa Oldeani unafungua kurasa ovyo, ndiyo maana mwandiko wangu unapanda na kushuka hivi.